Risasi, Maji na Shabaha

Wapiga shabaha wanaotumia bunduki ya upepo wana desturi moja inayowashangaza wengi. Kabla ya kwenda uwanjani humimina punje zao za risasi mezani, wakazitazama moja moja. Iliyobonyea huitupa. Nyingine huziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, wakazikausha juu ya kitambaa, wakazipaka mafuta kidogo sana. Wengine huzipima hata kwa mizani ya sonara. Halafu huulizana: Je, kazi hii yote yaleta faida? Punje iliyooshwa yapiga mahali pamoja kuliko ile iliyotoka mkebeni jana?

Msomaji wa Masisi au wa Walikale aweza kusema: "Hayo ni mambo ya watu wenye nafasi. Sisi huku bunduki tumezijua kwa machozi." Ni kweli. Lakini kwa sababu hiyo hiyo twataka kulichunguza swali hili. Katika nchi yetu watu wengi wamekufa kwa sababu waliamini kwamba risasi yaweza kutengenezwa, au kuharibiwa, kwa maji. Basi yafaa tujue maji yaweza nini juu ya risasi, na hayawezi nini. Tuanze mbali kidogo.

1. Mshale ulionyooka

Kabla ya baruti kufika katika misitu ya Walikale, wawindaji walikuwa na mikuki, nyavu, mitego, mbwa, na upinde. Mtu wa upinde ajua jambo ambalo mpiga bunduki hujifunza baadaye: kosa laweza kuwa katika mshale, si katika jicho. Mshale uliopinda hauendi unakotazamwa. Kwa hiyo fundi huupasha moto mti wa mshale, akaunyoosha kwa mikono, akautazama kwa jicho moja toka mwisho hadi mwisho. Mishale ya podo moja hutaka ilingane kwa urefu na kwa uzito. Ikiwa mmoja ni mzito na wa pili ni mwepesi, mkono wa mpigaji hauwezi kujifunza kitu, maana kila mara apata jibu jingine.

Hapo ndipo ulipo msingi wa habari yetu yote. Kuandaa silaha ya kurusha maana yake ni kuondoa tofauti. Mshale mmoja mzuri haumsaidii mtu sana. Mishale kumi iliyo sawasawa ndiyo impayo shabaha.

2. Gobori na sheria ya Brussels

Neno lenyewe "risasi" lina maana mbili katika lugha yetu. Ni ile madini laini, nzito, ya rangi ya kijivu, na pia ni kitu kinachotoka katika bunduki. Neno hili limetoka kwa Waarabu, pamoja na "bunduki" na "baruti," nayo yote matatu yaliingia bara kwa njia za misafara. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa pwani na watu wao wa Manyema walifika Nyangwe, Kasongo na maporomoko ya Stanley, na vikundi vyao vikaingia misituni kwa Wakumu na majirani zao kutafuta pembe na watumwa. Mwaka 1887 Tippu Tip, mtu wa Unguja, alifanywa gavana wa maporomoko yale. Kiswahili tunachosema leo katika Kivu kilipita katika njia zile zile zilizopitisha bunduki.

Bunduki zao nyingi zilikuwa magobori, yaani bunduki za kushindiliwa kwa mbele. Mtu alimimina baruti katika kasiba, akatia kitambaa au nyuzi za mti, akatia goroli ya risasi, akashindilia kwa mdeki. Ndani ya kasiba ile palikuwa laini. Goroli ilibidi iwe ndogo kuliko tundu ili iingie upesi, na kwa hiyo ilipotoka iligonga huku na huku. Mwaka 1742 Mwingereza Benjamin Robins aliandika kitabu cha elimu ya mizinga, akaeleza ya kuwa goroli inayosugua upande mmoja wa kasiba hutoka ikizunguka ovyo, na mzunguko ule huipindisha njiani hewani. Ndiyo maana askari wa zamani, hata huko Ulaya, hakutegemea kumpiga mtu mmoja aliye mbali zaidi ya mita 100.

Dawa yake ilijulikana: kuchimba mifuo ndani ya kasiba, inayozunguka kama parafujo, ili risasi itoke ikizunguka kwa utaratibu. Shida ilikuwa kuiingiza risasi kwa nguvu katika mifuo ile. Mwaka 1849 Mfaransa Claude-Étienne Minié alileta risasi ndefu yenye shimo chini. Ilikuwa ndogo ya kutosha kuteremka bila taabu, na moto wa baruti uliipanua chini yake ikashika mifuo. Tuangalie vema: macho ya askari hayakubadilika. Lililobadilika ni umbo la risasi, na jinsi inavyokaa katika kasiba.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa 17 yalitia sahihi mkataba wa Brussels juu ya kuondoa biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na sheria ya silaha. Katika Afrika yote iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta ilikatazwa kuingiza bunduki, hasa zile zenye mifuo na zile zilizotengenezwa kwa ufundi mpya. Serkali ziliweza kuruhusu bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida. Masisi na Walikale ziko katikati kabisa ya eneo lile. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, yaani kuwanyima silaha wawinda-watumwa. Lakini twaona pia tokeo lake: shabaha ikawa mali ya serkali na ya wageni. Mwenyeji, akipata kitu, alipata gobori. Gobori lake mara nyingi lilikula vipande vya chuma, misumari, au mawe, kwa sababu risasi halisi ilikuwa haba. Bunduki namna hiyo haina risasi mbili zilizo sawa. Mwenye nayo akikosa, hawezi kujua kama kosa ni la mkono, la baruti, au la kipande cha chuma.

Mtu asiyeweza kujua sababu ya kukosa kwake hutafuta sababu nyingine. Hapo ndipo mganga hupata kazi. Bunduki hufungwa hirizi, hupakwa dawa, hukatazwa kurukwa na mwanamke. Akipiga mnyama, dawa imefanya kazi. Akikosa, mwiko umevunjwa. Hatusemi haya kwa kuwacheka wazee. Walikuwa na akili kama sisi, lakini walipewa chombo kisichoweza kufundisha.

3. Mnara na maji

Kumbe, katika utengenezaji wa risasi mna maji ya kweli. Kwa karne nyingi watu waliyeyusha risasi na kuimimina katika kalibu, moja moja. Mara nyingine walitia bati kidogo, ile inayotokana na kasiteriti, ambayo leo yachimbwa kwa wingi katika Walikale. Bati huifanya risasi kuwa ngumu zaidi na kuijaza kalibu vizuri. Lakini kwa marisau, yaani punje ndogo za kuwindia ndege, kalibu ni kazi isiyokwisha.

Mwaka 1782 fundi mmoja wa mji wa Bristol katika Uingereza, William Watts, alipewa hati ya haki ya ugunduzi wake. Alimimina risasi iliyoyeyuka katika chujio mahali pa juu. Matone yakaanguka kutoka juu ya mnara. Kila tone linapoanguka hewani hujivuta lenyewe likawa mviringo, kama tone la mvua. Chini palikuwa na pipa la maji, nalo tone likaingia, likapoa, likabaki na umbo lake. Baadaye minara namna hiyo ilijengwa katika nchi nyingi.

Tena walikuwa na njia nzuri ya kuzichagua punje. Waliziteremsha juu ya mbao zilizoinama, zenye nafasi katikati. Punje iliyo mviringo kamili ilibingirika upesi, ikaruka ile nafasi. Iliyo na kasoro ilijikokota, ikaanguka katika nafasi, ikarudishwa chunguni kuyeyushwa tena. Hakuna aliyeisemea maneno. Umbo lake lenyewe lilitoa ushuhuda.

Basi maji yana kazi juu ya risasi. Yanaipoza na kuisaidia kushika umbo jema. Hiyo ndiyo nguvu ya maji, wala hatujasikia nyingine iliyothibitishwa.

4. Bunduki ya upepo

Wengi hudhani bunduki ya upepo ni mchezo wa watoto wa kupigia shore na kwarara. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 1780 jeshi la Austria lilianza kutumia bunduki iliyotengenezwa na Bartholomäus Girandoni wa Tirol. Kitako chake kilikuwa chupa ya chuma iliyojazwa hewa kwa pampu, na kando ya kasiba palikuwa na mwanzi wenye goroli kama 20. Haikutoa moshi. Lakini ilidai kitu kimoja ambacho gobori halikudai: goroli zote ziwe kipimo kimoja, maana iliyozidi kidogo tu haikuweza kupita, na iliyopungua ilipitisha hewa kandokando bila kusukumwa vema. Hewa haina hasira kama baruti. Haisamehi uvivu wa fundi.

Punje ya siku hizi ina kichwa, kiuno chembamba, na sketi iliyo wazi nyuma, hata yafanana na kinu kidogo cha kutwangia. Hewa ikiingia ndani ya sketi huipanua ikashika mifuo, karibu kama risasi ya Minié. Katika mchezo wa mita 10, ulioingia katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, kipenyo cha punje ni milimita 4.5 na uzito wake ni karibu nusu gramu. Alama ya kumi katika shabaha ya bunduki hiyo ni nukta ya nusu milimita tu.

Sasa twaweza kulijibu swali letu kwa hesabu ya shule. Tuseme punje inatoka kwa mwendo wa mita 175 kwa sekunde. Kufika mita 10 yahitaji kama sehemu 6 za mia za sekunde, na kwa muda huo uzito wa dunia unaivuta chini karibu milimita 16. Mpigaji amekwisha kurekebisha darubini au tundu lake kwa kushuka huko. Ikiwa punje nyingine imezidi kwa uzito moja katika mia, itakwenda polepole kidogo, nayo itaanguka zaidi kwa karibu moja katika mia ya zile milimita 16. Hiyo haifiki hata robo ya milimita. Kwa mwanafunzi si kitu. Kwa bingwa anayetafuta nukta ya nusu milimita, ni sehemu ya kazi yake.

Lakini tupeleke shabaha mita 50, na bunduki yenye nguvu zaidi. Huko punje huanguka sentimita 25 au 30 kabla ya kufika, na tofauti ile ile ya moja katika mia yageuka kuwa karibu milimita 3. Basi kupima uzito kwafaa zaidi kadiri shabaha inavyokuwa mbali.

Na kubonyea? Sketi iliyobonyea huachia hewa upande mmoja, na punje hutoka ikiyumba kama gurudumu lililopinda. Kuzitupa hizo ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote, nayo haina gharama ila macho.

Na kuosha? Hapa twakuja kwenye ile desturi yenyewe. Punje zinaposafiri mkebeni husuguana zikatoa unga mweusi wa risasi, na nyingine hutoka kiwandani zikiwa na mafuta. Kuosha huondoa unga huo, na kasiba hukaa safi muda mrefu zaidi. Mafuta yakizidi katika bunduki ya springi huweza kuwaka ndani kwa joto la hewa inayobanwa, na mwendo wa punje ukabadilika toka mpigo hadi mpigo. Kwa hiyo usafi una maana. Lakini punje mbaya ikioshwa hubaki punje mbaya iliyo safi. Maji hayanyooshi sketi, wala hayaongezi uzito uliopungua. Faida ya kuosha peke yake ni ndogo, na wapigaji hodari wengi hupiga punje kama zilivyotoka mkebeni.

Tuongeze neno la afya. Risasi ni sumu. Anayeosha punje asitumie sufuria ya kupikia, asizitie mdomoni, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Watoto wasichezee maji yale.

5. Maji ya uwongo

Sasa tufike palipo na uchungu. Katika Afrika yetu watu wameandaa risasi kwa namna nyingine: si risasi yao, bali ya adui. Walisema itageuka maji.

Mwaka 1905, kusini mwa nchi iitwayo leo Tanzania, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji yenye dawa ili risasi za Wadachi ziwe maji. Sababu ya kuasi kwao ilikuwa ya kweli: kazi ya nguvu, mashamba ya pamba, kodi, na viboko. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Tarehe 30 mwezi ule ule makundi makubwa yalilisogelea boma la Mahenge, yakapigwa kwa bunduki za rashasha. Vita vile, pamoja na njaa iliyofuata, viliua watu wapatao 75,000 kwa hesabu ya Wadachi wenyewe, na wanahistoria wengine wataja hesabu kubwa zaidi ya hiyo mara mbili au tatu.

Kwetu habari ile ilirudi kwa jina jingine. Mwaka 1944, wakati wa vita kuu ya pili, watu wa Masisi, Walikale na Lubutu walikuwa wamechoshwa na kazi za lazima, hasa kutafuta mpira msituni kwa ajili ya vita. Mafundisho ya Kitawala yalikuwa yameenea kati yao. Wakumu wengi walimfuata Bushiri Lungundu, wakainuka juu ya serkali ya Wabelgiji wakiamini kwamba bunduki haitawadhuru. Jeshi la Force Publique liliwazima kwa ukali. Miaka 20 baadaye, mwaka 1964, Wasimba waliuteka mji wa Stanleyville, unaoitwa leo Kisangani, huku wakiita "Mai Mulele." Na mwaka 1993, baada ya mauaji ya soko la Ntoto katika Walikale mwezi wa Machi, vita vya jirani kwa jirani vilienea hata Masisi, vikaua maelfu na kuwafukuza wengi sana majumbani mwao. Vijana wa Mai-Mai walinyunyiziwa maji kabla ya kwenda. Baadhi yao walikuwa watoto.

Hatuchanganyi mambo yote haya kuwa kitu kimoja. Kila vita ilikuwa na sababu zake, na mara nyingine malalamiko ya watu yalikuwa ya haki. Lakini maji yalikuwa yale yale, na masharti karibu yale yale: usiibe, usiguse mwanamke, usile chakula fulani, usitazame nyuma. Na hapo ndipo tuutazame ujanja uliomo. Kijana akirudi mzima, maji yamemlinda. Akifa, amevunja sharti. Hakuna tokeo lolote liwezalo kuihukumu dawa. Lawama yote humwangukia marehemu, ambaye hawezi kujitetea, na mama yake huambiwa kwamba mwanawe alikuwa mwizi au mzinzi. Hiyo ni dhuluma mara mbili: kumpoteza mtoto, kisha kulivunja jina lake.

6. Tofauti iko wapi?

Mtu wa punje naye huosha kwa maji. Wote wawili hungoja tokeo. Basi tofauti iko wapi?

Iko katika kukubali kuhukumiwa. Mwenye punje aweza kufanya hivi: achukue mkebe mmoja, aoshe nusu, nusu aiache. Siku isiyo na upepo apige tano zilizooshwa, tano zisizooshwa, tena na tena, kwa bunduki iliyolazwa juu ya mfuko wa mchanga. Mwenzake ndiye ampe punje, ili mpigaji asijue ni za namna gani na moyo wake usipendelee. Halafu wapime kwa rula upana wa matundu katika kila karatasi. Zilizooshwa zikipiga kwa karibu zaidi, vema, aendelee kuosha. Pasipo tofauti, amejiokolea sabuni na saa nzima ya kazi. Kwa vyovyote karatasi imesema, na hakuna mtu aliyesingiziwa dhambi.

Desturi njema haiogopi karatasi. Huweka wazi tangu mwanzo ni jambo gani litakaloonyesha kwamba si kweli. Dawa ya maji haikuweka wazi jambo hilo hata mara moja, tangu Ngarambe hadi Walikale. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini njia hii imekuwa ndefu, kwa sababu wale ambao wangeweza kushuhudia wamelala kaburini.

Wengine hufikiri kwamba kuchunguza namna hii ni ukosefu wa imani. Sisi twaona kinyume. Mungu aliyeumba risasi akaipa uzito, na hewa akaipa ukinzani, na tone linaloanguka akalipa umbo la mviringo, hakufanya kwa kubahatisha. Aliweka utaratibu, akatupa macho ya kuusoma. Maji ya ubatizo hatukupewa yatukinge na chuma. Wafia dini wa Uganda, waliochomwa Namugongo mwaka 1886, walikuwa wamebatizwa, na moto uliwachoma. Hawakuahidiwa ngozi isiyoungua, wala Kanisa halikusema kwamba walikufa kwa kuwa walivunja sharti. Liliyaheshimu majina yao.

Basi jibu letu kwa wapiga shabaha ni hili: tupeni zilizobonyea, pimeni uzito mkipiga mbali, osheni mkipenda kasiba safi, wala msitazamie mwujiza. Na kwa wazazi na walimu wa Masisi na Walikale twasema: mtu akija kumwita kijana wenu akiwa na kibuyu cha maji, mwulizeni swali la mwenye punje. Ni jambo gani, likitokea, litamfanya akiri kwamba maji yake hayana nguvu? Asipokuwa na jibu, mshikeni mtoto mkono mrudi naye nyumbani.